"Si Mumfukuze Tu?"

Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi saa tano usiku: "Si mumfukuze tu?" Kufikia asubuhi ulikuwa umejaa dole gumba. Mvulana wa kidato cha tatu alikutwa na kisu bwenini, na wazazi wamekwisha kutoa hukumu kabla kamati haijapata hata tarehe ya kukaa. Mimi ni naibu wa mkuu wa shule huku Eastlands, Nairobi, mwaka wa kumi na moja sasa. Swali hilo nimeulizwa langoni, harusini, kwenye foleni ya benki, na mara moja matangani, sahani ya pilau mkononi. Leo nalijibu kwa maandishi, ili atakayeuliza tena nimtumie hii niendelee na kazi.

Mkuu wa shule hafukuzi mwanafunzi. Hana uwezo huo. Mimi naibu ndiyo usiseme.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, inakataza: mwanafunzi hatafukuzwa shule. Halafu inaacha upenyo mwembamba. Waziri anaweza kuweka kanuni za kumfukuza aliyeshindikana, baada ya njia nyingine zote za kumrekebisha kujaribiwa zikaisha, na baada ya yeye na mzazi wake kupewa nafasi ya kusikilizwa. Kanuni zenyewe zilitoka 2015. Shule inamsimamisha mwanafunzi, kamati ya nidhamu inamsikiliza, bodi ya usimamizi inapendekeza, na pendekezo linakwenda kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Asiyeridhika ana Baraza la Rufaa za Elimu. Mkuu wa shule anayesimama gwarideni na kutangaza "wewe umefukuzwa, beba sanduku" anajitangazia kesi.

Fujo nyingi zinatoka kwenye neno lenyewe. Mtoto akitumwa nyumbani alete mzazi, mtaa mzima unasema kafukuzwa. Karo ikichelewa, kafukuzwa. Akisimamishwa masomo asubiri kikao, kafukuzwa. Huyu wa kisu amesimamishwa. Kusimamishwa si adhabu wala si uamuzi wa kesi. Ni kumtoa mtu mahali pa hatari mpaka asikilizwe. Siku akirudi kwenye kikao, wazazi wale wale watapiga simu kuuliza mbona "aliyefukuzwa" ameonekana langoni.

Na kabla hujaniandikia kwamba haya yote yameletwa na kuondolewa kwa kiboko, ngoja. Kiboko kiliondolewa 2001. Mauaji ya shule ya St. Kizito, ambako wavulana waliwavamia wasichana na 19 wakafa usiku mmoja, yalitokea 1991. Viranja wanne wa shule ya Nyeri High walichomwa moto na wenzao hadi kufa 1999. Walimu walikuwa na viboko mikononi miaka yote hiyo. Tena kanuni za zamani, za 1972, zilisema anayechapa ni mkuu wa shule peke yake, baada ya uchunguzi, mbele ya shahidi lakini si mbele ya wanafunzi, viboko visizidi sita, na aandike rekodi. Baba yangu alichapwa na walimu wanne kwa zamu mbele ya darasa zima kwa sababu ya hesabu za kugawanya. Kwa sheria ya wakati huo huo mnaousifia, hilo lilikuwa kosa. Leo ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Tuendelee.

Watu wanadhani kesi zetu zinaanguka kwa sababu "watoto wana haki nyingi". Zinaanguka kwa sababu sisi walimu tunaandika vibaya, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo ninapopandwa na hasira.

Chukua barua ya kusimamisha. Tisa kati ya kumi nilizosoma zinasema: "kwa utovu mkubwa wa nidhamu." Utovu gani? Lini, saa ngapi, wapi, nani aliona? Mzazi ametoka Mlolongo alfajiri, ameomba ruhusa kazini, amekaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu saa mbili nzima, halafu anaingia ndani aambiwe "kijana wako ni jeuri". Hilo huwezi kulijibu. Utasema nini, kwamba si jeuri? Kusikilizwa maana yake umeambiwa unachojibu, mapema, kwa maneno ambayo hata mpishi wa shule angeyaelewa. Katika shule niliyofundisha zamani, barua ilisema bangi, kumbukumbu za kikao zikasema uchochezi wa mgomo, na uamuzi ukasema kiburi. Kijana alirudi darasani baada ya wiki chache akitembea kama mbunge. Walimu walilia kwamba sheria imewasaliti. Hakuna aliyelia kuhusu karatasi.

Halafu kuna maungamo ya usiku. Kitu kimetokea saa nne, kufikia saa nane za usiku wavulana sita wamekalishwa chini ofisini, mwalimu wa zamu amesimama juu yao, na kila mmoja anapewa karatasi: andika ulichofanya. Nimewahi kupokea maungamo matatu ya wavulana watatu, na katika yote matatu neno petroli limeandikwa "pertoli". Watoto watatu hawakosei tahajia namna moja kwa bahati. Mmoja aliandika, au mtu mzima aliwasomea. Huenda walikuwa wamefanya kweli. Ninaamini walikuwa wamefanya. Lakini karatasi zile ningeona haya kumwonyesha wakili wa mwaka wa kwanza.

Na nani anaketi kwenye kamati? Mwalimu wa bweni aliyekipata kisu ndiye shahidi. Asubuhi ya kikao unamkuta ameketi upande wa waamuzi, anamimina chai. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa mlalamikaji na mwandishi wa kikao kwa siku moja, nikiandika "kamati iliridhika" wakati aliyeridhika nilikuwa mimi. Shule ndogo watu ni wale wale, naelewa. Bado si haki, na Ibara ya 47 ya Katiba, ile ya haki ya kuamuliwa bila upendeleo, haikuandikwa kwa shule kubwa pekee.

Polisi nitawapitia haraka. Moto, kisu kilichomwaga damu, kunajisi: hayo ni makosa ya jinai, na kamati ya nidhamu haina kazi ya kuamua nani ameua au nani amenajisi. Moto wa Moi Girls hapa Nairobi, Septemba 2017, uliua wasichana kumi. Kesi yake iliamuliwa na Mahakama Kuu baada ya miaka zaidi ya minne. Shule inaripoti, inalinda ushahidi, inanyamaza. Mtoto akipewa dhamana akarudi nyumbani kesho yake, hiyo ni haki yake, si hongo. Mahakama ikimwachilia, shule bado inaweza kumsikiliza kwa kuvunja kanuni zake. Ni njia mbili tofauti.

Sasa kuna jambo ambalo kwenye warsha halisemwi kwa sauti. Kifungu hicho hicho cha 35 kinasema anayefukuzwa apokelewe katika taasisi inayorekebisha tabia huku akisoma. Vizuri sana. Iko wapi? Getathuru na Kabete kwa wavulana, Dagoretti na Kirigiti kwa wasichana: hizo ni shule za kurekebisha tabia, na mtoto anafika huko kwa amri ya mahakama ya watoto. Siwezi kumwandikia barua nikampeleka kama ninavyompeleka dukani kupimwa sare. Kijana aliyefukuzwa bila kesi mahakamani anakwenda wapi? Nimeuliza kwenye warsha tatu. Mara zote tatu tuliitwa kwenye chai.

Basi tukajitengenezea mlango wa nyuma. Mkuu anamwita mzazi pembeni: "Mama, kwa faida ya kijana, mtafutie shule nyingine. Tutakuandikia barua nzuri." Mama anashukuru, maana ameepushwa na aibu. Jina linaachiliwa kwenye mfumo wa wizara ili shule nyingine imwandikishe, cheti cha kuondoka kinaandikwa "tabia: ya kuridhisha", na mambo yameisha. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyesikilizwa, kaunti haijui, rufaa hakuna kwa sababu hakuna uamuzi. Huko ndiko kufukuza kwetu halisi. Wazazi wanaotaka tufukuze hawajui kwamba tunafukuza kila muhula, na kwamba aliyetoka kwao ameingia kwa wenzao.

Nimetia sahihi barua hizo. Nne, kama sijasahau nyingine. Moja ilikuwa ya mvulana ambaye watoto wawili wa kidato cha kwanza walisema jambo juu yake ambalo lilipaswa kufika polisi siku hiyo hiyo. Wazazi wao waliomba lisitoke nje. Tulikubali kwa urahisi mno. Sijui leo ningefanya nini, nikiwaona tena wale wawili wamekaa kwenye kiti kimoja. Najua sheria inasema nini. Nilikuwa naijua hata wakati ule.

Januari mwaka jana mama mmoja aliniletea kijana kutoka kaunti nyingine, nafasi kidato cha tatu. Cheti chake kilisema: "Mtiifu, mwenye heshima, tunamtakia mema." Maneno hayo nayafahamu, huwa nayaandika mimi. Nilitoka nje nikampigia naibu mwenzangu wa shule aliyotoka.

"Ah, Madam, kijana hana neno kabisa," akasema. "Mchukue tu."

Nikashukuru. Nilikuwa karibu kukata simu.

"Ila, Madam. Madirisha ya bweni lenu, mlishayatoa vyuma?"

Tulishayatoa, moto ukizuka watoto wapate pa kutokea. Nikarudi ndani nikampokea, na kitanda nikampa cha kwanza mlangoni, karibu na chumba cha mwalimu wa bweni.