Nini maana ya "kurejesha hali" baada ya maafa?

Watu wengi huchanganya mambo mawili: kukabiliana na maafa na kurejesha hali. Kukabiliana ni zile siku za kufukua matope, kuwahisha majeruhi hospitalini, kugawa uji na blanketi. Kurejesha hali ni kazi ndefu inayofuata, ya kuiwezesha familia iishi tena bila kupanga foleni ya msaada. Ya kwanza huonekana kwenye taarifa ya habari. Ya pili huchukua miezi, mara nyingi miaka, na wapiga picha wameshaondoka.

Chukua mfano wa Hanang, mkoani Manyara. Alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Walionusurika walihifadhiwa kwenye shule, na hapo ndipo ugumu unapoanza: darasa ni hifadhi ya muda tu, maana Januari wanafunzi wanarudi.

Msingi wa kila kitu ni orodha. Wafanyakazi wa kujitolea wa mashirika kama Chama cha Msalaba Mwekundu huandikisha waathirika wakishirikiana na viongozi wa vitongoji, wanaojua nani aliishi wapi. Orodha ikikosewa, msaada wote unapinda. Anayesahaulika mara nyingi ni mpangaji: nyumba si yake, kwa hiyo kwenye hesabu ya nyumba zilizobomoka hayumo, ingawa kitanda, cherehani na akiba yake vyote vimesombwa. Orodha hiyohiyo husaidia kutafuta waliopotezana. Kuunganisha ndugu ni kazi ambayo Msalaba Mwekundu huifanya duniani kote, si kwenye vita peke yake.

Siku hizi mashirika mengi hupendelea kutoa fedha taslimu, hasa kwa simu, badala ya kurundika vitu. Mimi naona ni sahihi. Familia moja inahitaji sare za shule, nyingine dawa ya presha, nyingine nauli ya kwenda kwa shangazi Singida. Gunia la nguo za mitumba halijibu lolote kati ya hayo. Ila simu nayo ilizama kwenye tope. Kurudisha laini kunadai namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kadi ilikuwa kwenye sanduku lililosombwa. Ndiyo maana kusaidia watu kupata upya vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa ni sehemu ya kurejesha hali, ingawa hakuna anayekwenda kupiga picha kwenye dirisha la kuandikisha vyeti. Na pale ambapo soko lenyewe limefukiwa, noti hazipikiki. Hapo unga na maharage ndiyo msaada.

Makazi ya muda yana vipimo vyake. Viwango vya kimataifa vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada, vinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za kuishi, lita 15 za maji kwa siku, na choo kimoja kisitumiwe na zaidi ya watu 20. Makazi ya kudumu ndiyo yanayokula muda. Kwa waathirika wa Hanang, Serikali na Msalaba Mwekundu walijenga nyumba zaidi ya 100 huko Waret, na zilikabidhiwa takriban mwaka mmoja baada ya maporomoko. Wataalamu huita hilo kujenga upya kwa ubora zaidi: usimrudishe mtu palepale tope lilipopita.

Kuna pia majeraha yasiyoonekana. Mtoto aliyeamshwa na mngurumo wa mlima anaweza kushtuka kila mvua inapopiga bati, na mzazi aliyefiwa naye hana nguvu ya kumtuliza. Washauri nasaha huhitajika kwa miezi, si kwa wiki ya msiba.

Halafu riziki. Mkulima huhitaji mbegu, jembe na pengine mbuzi wawili wa kuanzia upya. Hapa tarehe ni muhimu kuliko wingi: mbegu za mahindi zikifika kabla ya mvua zinapandwa, zikifika mvua zimekatika zinasagwa na kusongwa ugali.