Mwondoe Mjomba, Futa na Funzo

Malipo ya mnada wa korosho yakishaingia, miswada nayo huanza kuingia mezani kwangu. Mtu ameitunza hadithi yake daftarini mwaka mzima, na sasa ana hela ya uhariri na uchapaji. Wengi ni walimu: wa hapa Mtwara mjini, wa Newala na Tandahimba, wengine hupanda basi kutoka Lindi na Nachingwea. Msimu huu nimepokea minne mfululizo ya watoto wa miaka 8 hadi 12, na yote minne imefungwa kwa maneno yaleyale: "Hadithi hii inatufundisha kwamba..." Nikiwauliza wenyewe, jibu ni moja. Kitabu cha watoto kisicho na funzo si kitabu.

Si kweli, na hapa nitakaa kidogo, maana imani hii imeniharibia miswada mizuri kuliko makosa yote ya sarufi.

Swali la "hadithi inatufundisha nini" ni la darasani. Ni swali la ufahamu, na mwalimu ana haki ya kuliuliza baada ya kusoma. Lakini mtu akiwa mwalimu miaka thelathini, akistaafu akaanza kuandika, huliingiza swali la mtihani ndani ya hadithi na kulijibu mwenyewe. Mtoto anabaki na kazi gani?

Nikisema hivyo naambiwa ni mila, bibi zetu walitusimulia hivyo. Tukumbuke vizuri. Paukwa, pakawa, Sungura kaingia shamba la watu. Kala karanga, kamsingizia Fisi, Fisi kapigwa, Sungura kaenda zake ameshiba. Bibi akanyamaza, akageukia moto. Sisi tukabaki tunabishana hadi usingizi ukatuchukua: kafanya vizuri au vibaya? Ngano za kuonya waziwazi zipo, sikatai. Ila anayesema bibi alifunga kila hadithi kwa onyo hakumsikiliza bibi yake.

Mmoja wa ile miswada minne umeandikwa na mwalimu mstaafu mwenye sikio zuri sana la maneno. Mvulana wa darasa la tano anachota korosho za bibi yake kidogo kidogo, anamuuzia mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo, anayepima kwa bakuli nyuma ya nyumba, ananunua mpira. Usiku bibi anapima korosho zake kwa ajili ya kupeleka ghalani kesho yake. Hesabu haitimii. Anapima tena. Kisha anamwita mjukuu, bila ukali wowote, amshikie koroboi ili aone vizuri mizani. Mvulana anasimama pale ameshika taa, mkono unatetemeka, kivuli cha bibi kinacheza ukutani.

Niliposoma hapo mara ya kwanza niliweka kalamu chini.

Ukurasa unaofuata, mjomba anashuka kwenye basi kutoka Dar es Salaam. Anagundua yote, anamkaripia mvulana, analipa pengo lote la bibi, na kufunga hotuba: "Hivyo basi, watoto wapendwa, wizi ni mbaya."

Niliusoma kwa sauti barazani, Mikindani, mbele ya watoto tisa. Kwenye koroboi palikuwa kimya. Mmoja aliyekuwa akichora mchanga kwa kijiti alikiacha. Mjomba aliposhuka basi wakaanza kusukumana. Kwenye "watoto wapendwa" wawili walishainuka. Nikawauliza, je, mjomba asingekuja? Wakarudi wote, wakasema kwa pamoja. Auze mpira. Aende kwa yule mnunuzi na bakuli lake. Akaokote korosho kwa watu, alipwe. Mvulana mmoja akasema yeye angeendelea tu kushika taa, asiseme kitu, halafu akainamisha kichwa na hakusema tena. Sikumhoji.

Mtoto wa umri huu ameshaanza kutumwa peke yake. Anavuka kwa pantoni kwenda Msangamkuu, anaachiwa mdogo wake, anashika hela ya unga. Anaamua mambo kila siku. Kitabuni anamtafuta mwenzake, wa umri wake au aliyemzidi mwaka mmoja au miwili, aliyebanwa na jambo zito na akajinasua mwenyewe, hata kama amejinasua vibaya. Mtu mzima akishika jambo hilo mikononi, hadithi imekuwa ya mtu mzima, na hotuba itafuata tu, kwa kuwa sasa yeye ndiye mwenye la kusema.

Kwa hiyo ushauri wangu ni ule ule ninaompa kila mtu. Mwondoe mjomba. Msafirishe, muugulishe, mpeleke shamba la mbali, nasi tubaki na mtoto. Kisha funika aya ya mwisho kwa kiganja na usome iliyo juu yake kwa sauti. Ikisimama yenyewe, futa iliyo chini ya kiganja. Hili nalisema pia kwa wanaoandaa miswada ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, yenye kipengele cha hadithi za watoto, wakidhani majaji wanawinda funzo. Andika hadithi.

Mengine ninayoyasikia hayahitaji maneno mengi.

"Ihamie Dar es Salaam, ndipo itasomwa kote." Mwandishi wa Lindi aliniletea watoto wanaochimba ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, rasimu ya pili ikaja imeandikwa viazi, na pori limekuwa Kariakoo. Nilimrudishia. Asiyeijua ming'oko ataijua akiona inavyochimbwa na kuchemshwa. Na mtu anayeishi Lindi atakosaje kisa? Kule kwenye kilima cha Tendaguru, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria kwa nguvu za mamia ya wenyeji, na mifupa ikabebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi kwenda Ujerumani. Mnyama mmoja wapo amesimamishwa Berlin, kimo cha zaidi ya mita 13. Mpe mtoto wa miaka kumi nafasi kwenye msafara ule, kichwani ana mzigo uliofungwa vizuri na hajui ndani mna nini. Kariakoo ya nini?

"Nimeshamlipa mchoraji." Umewahi mno. Vitabu vya picha kila ukurasa, vile vya kurasa 32, ni vya wadogo zaidi. Kwa umri huu jalada zuri na michoro michache ya rangi nyeusi ndani vinatosha, na mchapishaji akiuchukua mswada wako mara nyingi huchagua mchoraji mwenyewe. Mwalimu wangu wa korosho alikuwa ameshalipia michoro sita. Minne ni ya mjomba.

"Nina ISBN, basi ni changu na shule zitanunua." Hapo mambo matatu yamechanganywa. ISBN ni namba ya utambulisho yenye tarakimu 13, hapa nchini unaipata Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, kwa Sheria ya mwaka 1999. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kunakusaidia kuthibitisha siku ukiibiwa. Ithibati ya kitabu cha ziada kutumika shuleni ina njia yake, kupitia tathmini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Moja haileti nyingine.

"Ukurasa mmoja hauongezi gharama." Unaongeza. Kitabu cha kubanwa pini katikati huenda kwa kurasa nne nne, kwa kuwa karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne. Nilimpangia mwalimu hadithi yake, ikaishia vizuri ukurasa wa 48. Ule wa 49 ulikuwa na neno FUNZO kwa herufi kubwa na mistari miwili chini yake. Kwa nakala 1,000 alikuwa analipia karatasi 1,000 za ziada, na kurasa tatu tupu katika kila kitabu. Nilimwonyesha hesabu. Akaondoka na mswada, akasema kuhusu mjomba atafikiria kwanza.