Dalili mpya kwa mtoto mwenye ugonjwa wa Lyme: maana yake

Dalili mpya ni jambo lolote la mwili ambalo mtoto hakuwa nalo wakati daktari alipoutaja ugonjwa wake. Maelezo ni mafupi, ila kuyakumbuka saa nane za usiku, mtoto akichemka mikononi mwako, ni kazi. Mtoto akishapewa jina la ugonjwa, jina hilo huanza kujibu kila swali. Kichwa kikiuma, ni Lyme. Akitapika, ni Lyme. Akilala mchana kutwa, watu wa nyumbani husema, "Si ana ile Lyme yake." Na mtoto anaendelea kuzidiwa kitandani.

Lyme si ugonjwa wa kwetu. Huletwa na bakteria, na kupe wanaoueneza wanaishi kwenye misitu na nyasi za Marekani, Ulaya na sehemu za Asia zenye baridi. Kwa hiyo mtoto mwenye Lyme utakayemkuta Kampala, Arua au Kasese karibu kila mara ametoka safari: wazazi wamerudi kutoka Connecticut au Ujerumani, au alikwenda likizo kwa shangazi yake. Anafika na dawa zake, mara nyingi amoksisilini au doksisaiklini, pamoja na karatasi ya daktari wa kule. Itunze karatasi hiyo. Kumbuka tu kwamba aliyeiandika hakuwa akiwaza mbu wa Uganda.

Naanza na malaria kwa sababu ndiyo inayoua upesi. Mtoto aliyekulia nje hana kinga ambayo watoto wa hapa huijenga kidogo kidogo kwa kuugua mara kwa mara. Malaria ya falsiparamu, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi Uganda, inaweza kumtoa kwenye homa ya kawaida ikamfikisha kwenye degedege na kupoteza fahamu ndani ya siku moja au mbili. Homa yoyote mpya ipimwe malaria siku hiyo hiyo, hata kama analala ndani ya chandarua. Kipimo cha haraka kinataka tone la damu ya kidoleni na dakika 15 hadi 20 za kusubiri. Kipo kwenye vituo vya afya vya serikali, na vijijini VHT, yaani wahudumu wa afya wa kijiji, huwapima watoto walio chini ya miaka 5. Doksisaiklini hutumika pia kukinga malaria, hivyo mzazi anaweza kujituliza kwamba mtoto amekingwa tayari. Apimwe hivyo hivyo.

Kipimo kikionyesha hana malaria, kazi haijaisha, kwa sababu Lyme yenyewe husafiri mwilini. Huanzia kwenye ngozi, pale kupe alipouma, siku 3 hadi 30 baadaye: doa linalopanuka siku hadi siku. Vitabu vingi huonyesha doa jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi linaweza kuonekana kama weusi uliozidi, zambarau, au alama ya kujigonga, na ndiyo maana watoto wetu huchelewa kutambuliwa. Mtoto ambaye hakutibiwa mapema anaweza, baada ya wiki au miezi, kuguswa mishipa ya fahamu, moyo na viungo.

Ninaouhofia zaidi ni moyo. Hutokea kwa wachache, lakini unaweza kuua. Bakteria huvuruga njia zinazopitisha umeme kutoka vyumba vya juu vya moyo kwenda vya chini, na mapigo yakawa ya polepole au ya kurukaruka. Mtoto hatakwambia hivyo. Utaona amesimama katikati ya mchezo ameshika kifua, anahema kwa kupanda ngazi chache, au ameanguka akazimia kisha akaamka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kuzimia kusichukuliwe kuwa njaa au jua. Mtoto mwenye Lyme akizimia apelekwe siku hiyo hiyo kwenye hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo. Kliniki ya mtaani ikimsikiliza kifua na kumrudisha nyumbani, bado hajapimwa. Hali hii ikijulikana mapema hutibika kwa antibayotiki, wakati mwingine akiwa wodini chini ya uangalizi hadi mapigo yatulie.

Uso ukipooza upande mmoja, wapo watakaosema ni upepo mbaya amepita nao. Ni mshipa wa fahamu wa uso. Kwa watoto wengi hurudi sawa baada ya wiki kadhaa, lakini daktari amwone mapema, na wakati huo jicho lisilofumba lilindwe lisikauke: dawa ya matone ya kulilainisha mchana, na kufunikwa vizuri usiku. Shingo ikikakamaa huku kichwa kinauma sana, mwanga unamchoma macho na anatapika, usikae kubashiri kama ni Lyme. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria wengine hufanana na hiyo, nayo haingoji asubuhi.

Goti lina historia yake. Mwaka 1975, kwenye mji mdogo wa Lyme jimboni Connecticut, mama mmoja aitwaye Polly Murray alikataa kutulia alipoona watoto wengi jirani wakivimba magoti. Wengi walikuwa wameambiwa ni baridi yabisi ya utotoni, na jina hilo lilikuwa limefunga mjadala. Murray alipiga simu kwa idara ya afya ya jimbo. Daktari Allen Steere na wenzake walipochunguza, walikuta wagonjwa 51, kati yao 39 wakiwa watoto. Mwaka 1982 Willy Burgdorfer na wenzake walitangaza bakteria mwenyewe. Ugonjwa huu basi ulijulikana kwa sababu mzazi hakukubali jina la zamani lijibu kila kitu, na inanigusa kuona sasa jina la Lyme likitumiwa vile vile. Goti la Lyme huvimba sana huku maumivu yakiwa madogo kuliko unavyotarajia. Kiungo kilichovimba kikiwa cha moto, kikiuma vikali, na mtoto ana homa na hataki kukanyaga, hicho huenda kina usaha ndani na kinahitaji hospitali leo. Uliza pia habari ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao nao huumiza viungo, hasa kama hajawahi kupimwa.

Dawa nazo huleta dalili. Ndani ya saa 24 za dozi ya kwanza mtoto anaweza kupata homa na kutetemeka, bakteria wanapokufa kwa wingi, kisha ikapita. Vipele vya kuwasha pamoja na midomo kuvimba au kupumua kwa shida ni mzio, na huo ni wa kukimbiza hospitali.

Jihadhari na mtu anayetaka kumaliza ubishi kwa kupima damu ya Lyme upya. Kipimo hicho hutafuta kinga ambayo mwili uliitengeneza, na kinga hiyo huweza kubaki miaka mingi baada ya mtoto kupona. Jibu la "ipo" haliwezi kukwambia homa ya leo imetoka wapi. Tena ile homa ya papasi, kupe wanaojificha kwenye sakafu za udongo, ambayo chanzo chake madaktari Ross na Milne walikieleza mwaka 1904 hapa hapa Uganda, huletwa na ndugu wa bakteria wa Lyme, na inaweza kukichanganya kipimo. Kama mtoto alilala kijijini kwenye nyumba ya sakafu ya udongo, na homa inakuja, inakata, kisha inarudi baada ya siku kadhaa, mtajie daktari neno papasi.

Zipo dalili ambazo hazihitaji kujua chanzo kabla ya kutafuta boda boda au gari: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachomeza, ameshikwa degedege, amelegea au haamki, anapumua kwa shida. Wa degedege mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na mkitoka mbebe hivyo hivyo. Chukua dawa zake zote, ile karatasi, na picha ya doa kama uliipiga kwenye simu.

Ukifika mapokezi, usianze kwa kusema, "Mtoto ana Lyme." Anza na kilichobadilika: "Musawo (daktari), tangu jana jioni amezimia mara mbili. Jana asubuhi alikuwa anacheza." Lyme itaje baada ya hapo, pamoja na tarehe aliyoanza dawa.