Je, Wajua Kwa Nini Gari la Zamani Huwaka Asubuhi na Kugoma Mchana?

Land Rover Series III, zile zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, imelala nje Moshi na asubuhi inawaka kwa stata moja. Unafika Boma Ng'ombe, unazima, unakula nyama choma, unarudi: imegoma. Ikishapoa inawaka yenyewe bila shida, na fundi akija haoni ubovu wowote.

Mchawi ni joto linalopanda baada ya kuzima. Injini ikisimama, feni na pampu ya maji nazo zinasimama, lakini chuma bado kinachoma. Kwa muda chini ya boneti panakuwa na joto kuliko gari lilipokuwa linatembea. Joto hilo linapiga stata, koili (inayozalisha umeme wa cheche) na pampu ya mafuta kwa pamoja, ndiyo maana watu huishia kubadilisha vyote. Ni kutupa pesa. Sikiliza kwanza.

Stata ikizunguka kwa uvivu, au ikilia "tak" na kunyamaza, umeme haupiti vya kutosha. Stata huweza kuvuta ampea 200. Kwa kiasi hicho, kiungo chenye kutu, chenye ukinzani wa omu 0.02 tu, kinakula volti 4 kati ya 12, na nyaya zikipata moto ukinzani unazidi. Taa zitawaka vizuri kwa sababu zinahitaji ampea chache, nawe utaapa kwamba umeme uko sawa.

Mimi huanza na waya mnene unaounganisha injini na chesisi. Injini imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Waya huo ukilegea, umeme unatafuta njia ya pembeni, hata kebo ya choki; piga stata kisha iguse kwa tahadhari, unaweza kuikuta ya moto. Chukua mita ya volti, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi nusu volti, fungua viungo, piga msasa, kaza. Ila pima gari likiwa limegoma. Likipoa halikuambii kitu.

Stata ikizunguka kwa nguvu na gari lisiwake, angalia cheche kwenye plagi, mbali na mvuke wa petroli. Hakuna cheche? Shuku koili au kondensa, kile kikopo kidogo kinachoisaidia koili kutoa cheche. Zote hufa zikipata moto na kufufuka zikipoa.

Cheche ikiwapo, huenda petroli imegeuka mvuke kabla ya kufika kwenye kabureta, inapochanganywa na hewa. Kadiri unavyopanda ndivyo inavyochemka upesi: Arusha, kama mita 1,400 juu ya bahari, hata maji huchemka karibu nyuzi 95. Na pampu ya Land Rover hii imefungwa ubavuni mwa injini. Ifunike kwa kitambaa chenye maji baridi. Gari likiwaka, sogeza bomba la petroli mbali na ekzosi.