Boksi la viatu na ufunguo mmoja: tunayokosea kuhusu makasha ya sanaa ya watoto

Jirani yangu aliingia sebuleni Jumamosi moja akakuta maboksi ya viatu yamesimamishwa kwa ubavu sakafuni, visoda, vifungo vya koti, kitasa kibovu, na mpwa wangu wa miaka 6 amekaa katikati yake, anatengeneza kasha la sanaa, yaani boksi ambalo ndani yake unapanga vitu vilivyookotwa kama picha. "Haya makorokoro yanatupwa lini?" akauliza. Swali hilo nimelisikia mara nyingi, na huwa linakuja na madai mengine, ambayo nayajibu hapa moja moja.

"Ni takataka tu, mtoto anapotezewa muda."

Sanaa ya kuunganisha vitu vilivyookotwa viwe kitu kimoja ina jina, asemblaji, na mwaka 1961 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA, iliiandalia maonyesho makubwa. Bingwa wa makasha alikuwa Mmarekani Joseph Cornell, aliyezaliwa mwaka 1903. Hakusomea sanaa. Aliwahi kuuza vitambaa vya sufu, akaishi na mama yake na mdogo wake Robert, mwenye mtindio wa ubongo, katika nyumba ya kawaida kwenye barabara ya Utopia Parkway, eneo la Queens, New York. Kiko cha udongo cha kupulizia mapovu ya sabuni, ramani ya mwezi, glasi ndogo: vitu vya namna hiyo alivitafuta kwenye maduka ya vitu vya zamani ya Manhattan, katika jiji hilohilo, na leo makasha yake yamo kwenye makumbusho. Tukirudi Afrika, El Anatsui wa Ghana huunga vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa kama shuka la kufunika ukuta mzima. Cyrus Kabiru wa Nairobi ana miwani yake ya vyuma chakavu. Kwa hiyo mtoto anayeinama kuokota kisoda msimharakishe.

"Likijaa ndipo linapendeza."

Hapa nina kosa langu mwenyewe. Mpwa wangu alipaka ndani ya boksi rangi ya buluu, akatoboa tundu juu, akaning'iniza ufunguo wenye kutu kwa uzi. Basi. Chini hakuweka kitu. Mimi, kwa kumwonea huruma, alipokwenda kunawa nikapanga visoda vitano pale chini. Aliporudi alivitoa kimoja kimoja, bila hasira, akanirudishia mkononi. "Mjomba, huo ni uwazi wa ufunguo kudondokea." Niliangalia tena boksi lile. Kweli, ufunguo ulikuwa unaelekea kuanguka, na visoda vyangu vilikuwa vimeuzibia njia.

Tangu siku hiyo nawapa watoto vitu vingi vya kuchagua, ila muda wa kugundisha nauchelewesha. Wavipange kavukavu kwanza, wavihamishe, wavitoe, wale chakula cha mchana, warudi kuvitazama upya. Gundi inakuja mwisho. Na sikuhizi siulizi "Hii ni nini?" kwa sababu mtoto akiulizwa hivyo hutunga jibu la kumridhisha mkubwa. Nauliza kitu gani kilianza kuingia.

"Gundi ni gundi."

Siyo. Gundi nyeupe ya mbao inashika vizuri karatasi, kitambaa na mbao, kwa sababu vinainyonya. Kwenye plastiki laini au bati utakuta kesho yake kitu kimelala chini. Kisoda kitoboe kwa msumari na nyundo (kazi ya mkubwa), kisha mtoto akifunge kwa waya. Kitu kizito kikae sakafuni mwa boksi. Gundi ya moto inaunguza vidole, hiyo nayo ishikwe na mkubwa.

"Chochote kilichookotwa kinafaa."

Betri ndogo za mviringo, za saa na rimoti, hazifai hata kidogo. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2. Sumaku ndogo nazo weka mbali, vivyo hivyo mbao za zamani zenye rangi inayobanduka, maana huenda rangi hiyo ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kama kuna mdogo wa chini ya miaka 3 nyumbani, vifungo na shanga vikae juu kabatini.

Makombe ya baharini usiyaokote ndani ya hifadhi za bahari, hairuhusiwi. Hata ya ufukwe wa kawaida yachungulieni kwanza. Sisi tuliwahi kuweka moja zuri kwenye kona ya boksi, na kabla gundi haijafunguliwa likaanza kutembea. Kaa mdogo alikuwa amehamia ndani. Tulimrudisha alikotoka jioni ileile.

"Maonyesho ni ya watu wazima."

Mwaka 1972, mwaka aliofariki, Cornell alifanyiwa maonyesho ya watoto katika chuo cha Cooper Union, New York. Makasha yalitundikwa chini, usawa wa macho ya mtoto, na wageni wakaandaliwa keki za chokoleti na soda badala ya mvinyo.

Nyumbani kwangu boksi la ufunguo limetundikwa usawa wa magoti yangu. Jirani alipopita tena ilibidi achuchumae ili alione, akakaa hapo kitambo. Akaniambia ana rimoti ya zamani, kama inafaa. Nikamwambia ailete, ila betri azitoe hukohuko kwake.