Mizani ya tangi: maana yake kwa anayepanda mimea ndani ya maji

Ukianza kufuga samaki kwenye tangi la kioo lenye mimea hai, haupiti muda utasikia mzoefu akikuambia, "Ndugu yangu, tangi lako halina mizani." Mara ya kwanza nilipoambiwa hivyo niliinama kuangalia kama meza imelala upande. Meza ilikuwa sawa.

Mizani ya tangi ni uwiano wa vitu vitatu: mwanga, hewa ukaa na chakula cha mmea, yaani nitrojeni, fosforasi, potasiamu, chuma na wenzao. Vikienda sambamba, mimea inakua. Kimoja kikipungua, mmea hufuata kasi ya hicho kilichopungua, hata kama vingine vimejaa tele. Mwanga uliokosa kazi hapo haukai bure, unapata mteja mwingine: mwani. Na mwani huu si ule unaolimwa Paje na Jambiani. Ni ule utando wa kijani unaoteleza kama wa ndani ya simtanki lisilooshwa, na wakati mwingine nyuzi ndefu kama nywele.

Jikoni mambo ni yaleyale. Ukichochea moto chini ya sufuria ya wali yenye maji kidogo, hujaharakisha mapishi. Wali unaungua chini na juu una kiini. Kwenye tangi, taa ndiyo moto. Taa ndiyo inayoamua mmea uwe na njaa kiasi gani, kwa hiyo ukiongeza taa umeongeza mahitaji ya kila kitu kingine, upende usipende.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1850 mkemia Mwingereza, Robert Warington, alichapisha jaribio lake la kuweka samaki dhahabu pamoja na mmea wa valisneria kwenye chombo kimoja cha maji. Samaki walipumua hewa iliyotolewa na mmea, na mmea ukatumia hewa iliyotolewa na samaki. Ila majani yaliyokufa yalioza yakachafua maji, mpaka alipoongeza konokono wa kuyala. Yeye alipima kwa samaki, mmea na konokono. Sisi leo tuna taa za umeme, na hizo ndizo zilizotuharibia hesabu.

Mimi ziliniharibia kwelikweli. Tangi langu la kwanza alinitengenezea fundi wa vioo huku Tabata: sentimita 60 kwa 30 kwa 35, kama lita 63 ukilijaza hadi ukingoni. Juu yake nikafunga taa mbili za LED, zile bapa za kumulika uani usiku, nikawa naziwasha asubuhi saa kumi na mbili na kuzizima jioni saa kumi na mbili. Siku za mwanzo kila mgeni alipiga picha. Wiki ya pili majani ya chini yakapata madoa, wiki ya tatu nikawa nazungusha mswaki mkuukuu ndani ya maji, nyuzi za mwani zinajisokota kama tambi kwenye uma. Nikailaumu mbolea, nikaacha kuweka. Hali ikazidi kuwa mbaya, maana sasa mimea ilikuwa inakimbizwa huku ina njaa. Kilichosaidia ni kuondoa taa moja na kuiachia iliyobaki saa sita tu kwa siku, kwa taima ya kuchomeka ukutani. Majani yaliyokwisha kuota mwani hayakupona, hayo hayaponi. Unayakata, unatazama yale yanayochipua katikati. Yalichipua safi.

Saa sita hadi nane za taa zinatosha, na anayeanza leo ningemshauri aanzie sita.

Hewa ukaa ndiyo inayosahaulika, kwa sababu haionekani. Mchicha wa shambani hauna shida nayo, upepo unaileta. Ndani ya maji hewa hiyo husambaa polepole mno, takriban mara 10,000 chini ya kasi yake hewani, na maji yaliyotulia hubaki na chini ya miligramu 1 kwa lita. Wenye mitungi ya gesi hiyo hulenga kama miligramu 30. Ukipita sana hapo samaki wanaanza kuhema. Asiye na mtungi hutumia chupa ya soda ya lita mbili, sukari, maji na hamira kidogo, kisha mpira wa dripu wa duka la dawa unaopeleka gesi kwenye tangi. Inafanya kazi. Lakini kwa joto letu hamira huchemka kwa pupa siku za kwanza kisha inalegea, usiku huwezi kuifunga, na mpira ukiziba chupa inaweza kupasuka. Sijairudia tangu ile harufu ya pombe ilipojaa sebuleni wakati mama mkwe yuko.

Njia nyepesi ni kukubali tangi la polepole: taa hafifu, bila gesi ya kuongeza, na mimea isiyo na haraka. Anubiasi, asili yake Afrika Magharibi na ya Kati, hufungwa kwa uzi juu ya jiwe au kisiki. Ukilifukia lile shina lake nene linalotambaa, linaoza. Valisneria inastahimili maji magumu kwa sababu inaweza kunyonya kaboni kutoka kwenye bikabonati iliyomo majini, na huota yenyewe hata Ziwa Tanganyika. Wale wanaotaka zulia la kijani chini na majani mekundu nyuma, kama kwenye picha za mtandaoni, wajue wanataka moto mkubwa, na maji ya wali yaongezwe kwa kadiri hiyohiyo.

Hapa Dar mizani ina mambo yake. Maji ya bomba yana klorini, yakae kwenye ndoo wazi siku nzima au mbili kabla ya kutiwa. Maji ya kisima maeneo mengi yana chumvi. Ukiona birika limeganda ukoko mweupe, usipoteze fedha kwa mimea laini. Mchanga nao ni mtego. Ule wa ufukweni umejaa vipande vya kombe, ambavyo huyeyuka taratibu na kuyafanya maji kuwa magumu zaidi. Kabla ya kuununua mchanga wowote, chukua kiganja kimoja, umwagie siki. Ukisikia unachemka kwa vipovu, mwachie fundi ujenzi.

Mbolea ya dukani ya mahindi usiitie majini. Urea na amonia iliyomo vinaweza kuua samaki wote kwa usiku mmoja, tena maji yakiwa ya moto na yenye alkali amonia huwa kali zaidi. Kwa sababu hiyohiyo tangi jipya huachwa wiki nne hadi sita kabla ya kujazwa samaki, ili bakteria wazaliane wa kutosha kugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo mimea huila.

Joto linagusa upande mwingine wa mizani. Kwenye nyuzi 25 maji hubeba oksijeni kama miligramu 8 kwa lita, kwenye nyuzi 30 hushuka hadi karibu 7.5. Inaonekana tofauti ndogo, mpaka Februari umeme ukatike usiku. Gizani mimea haitoi oksijeni, inaivuta kama samaki. Pampu ya hewa imezimika, na alfajiri unawakuta gapi, wale samaki wadogo, wote juu, midomo imegusa uso wa maji. Chota maji kwa kikombe, yamimine kutoka juu, rudia mara nyingi. Pampu ndogo ya betri ni bora kuliko mkono uliochoka.

Kuhusu kupanga mawe na visiki sina mengi. Mjapani Takashi Amano, aliyefariki 2015, aliwafundisha wengi kutazama mlima na msitu kisha kuweka jiwe kubwa kando kidogo ya katikati, kama theluthi moja ya urefu wa tangi, mimea mifupi mbele na mirefu nyuma. Kisiki cha mpera kilichokauka kabisa kinafaa, kiloweke mpaka kizame chenyewe, na usishangae maji yakigeuka rangi ya chai. Mikoko iache ilipo, inalindwa kisheria.

Mizani ikikaa sawa utaijua mchana taa ikiwa imewaka saa kadhaa: majani yanatoa vipovu vya oksijeni. Ukiviona mara tu baada ya kubadilisha maji, tena hadi kwenye kioo na mawe, hiyo ni hewa iliyokuja na maji mapya. Vile vya kweli hutoka kwenye jani tu, kimoja kimoja, mahali palepale, na hukoma muda mfupi baada ya taa kuzimwa.