Bodi yako ya kwanza: dhana potofu zinazowapotosha wanaoanza

Anayetaka kutengeneza kifaa chake cha kwanza, tuseme cha kupima unyevu wa udongo kwenye tuta la mchicha, huanza kwa kuuliza anunue bodi gani, yaani kile kibao cha elektroniki kinachoendesha programu yake. Natamani aanze na maswali mengine mawili: kihisi changu (kile kipande kinachopima) kinatoa nini, na umeme utatoka wapi? Hayo ndiyo yanayochagua bodi.

Dhana: Yenye nguvu zaidi ndiyo bora.

Udongo haukauki kwa sekunde. Hata DHT22, kihisi cha joto na unyevu wa hewa, hutoa kipimo kimoja tu kila sekunde 2. Bodi ya Arduino Uno R3, pamoja na megahezi zake 16 na RAM ya kilobaiti 2, humaliza kazi na kukaa ikikisubiri. Bodi ya ESP32 ina viini viwili vya megahezi 240, lakini kwa kazi hii faida yake ni Wi-Fi na Bluetooth zilizomo ndani. Ukitaka kujua kiwango cha maji ya tangi ukiwa sebuleni, inunue kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya kasi.

Dhana: Raspberry Pi zote ni kitu kimoja.

Ile ya kawaida ni kompyuta kamili ya Linux, na haina hata pini moja ya kusoma analogi, yaani volti zinazopanda na kushuka badala ya kuwa tu juu au chini. Pico, iliyotoka Januari 2021 kwa dola 4, ni maikrokontrola, kompyuta ndogo ya chipu moja isiyoendesha Linux, na inazo tatu. Soma jina lote kabla ya kulipa.

Dhana: Kihisi chochote huingia kwenye bodi yoyote.

Hapa ndipo wengi wanapounguza vitu, kwa hiyo twende polepole. Pini za Uno R3 hufanya kazi kwa volti 5. Za ESP32 na Pico kwa volti 3.3. Chukua HC-SR04, kihisi cha kupima umbali kwa sauti ambacho watu hukifunga juu ya tangi. Unakipa volti 5, na pini yake ya Echo inarudisha volti 5. Kwenye Uno hakuna tatizo. Kwenye ESP32 umezidisha volti ambazo pini yake inakubali, na ubaya ni kwamba huenda ikafanya kazi kwa muda, ukaamini uko salama. Dawa yake ni rezista mbili, vipande vidogo vinavyozuia umeme: ya kilo-omu 1 kutoka Echo hadi kwenye pini ya bodi, na ya kilo-omu 2 kutoka pini hiyo hadi kwenye GND, pini ya volti sifuri. Zile volti 5 zinashuka hadi 3.3.

Kuna mtego mwingine. Kwenye toleo la kwanza la ESP32, kihisi cha analogi ukikichomeka pini ya 4 kinasoma vizuri. Washa Wi-Fi, kinanyamaza. Hakijafa. Pini ya 4 iko kwenye kundi la pini zisizoweza kusoma analogi Wi-Fi ikiwa kazini. Kihamishie pini ya 34.

Dhana: Bodi ya kunakili ni takataka.

Michoro ya Arduino iko wazi, na kuinakili kunaruhusiwa. Bodi nyingi za kunakili hutumia chipu ya CH340 kuzungumza na kompyuta, ambayo wakati mwingine hudai draiva, programu ndogo ya kuifanya kompyuta iitambue. Kabla ya kuilaumu bodi, badilisha kebo: baadhi ya kebo za kuchajia simu hazina kabisa waya za data.

Dhana: Betri yoyote itatosha.

Uno R3 hula takriban miliampea 50 hata ikiwa haifanyi lolote. Betri za AA za mAh (miliampea-saa) 2000 zikifungwa kwa mfululizo haziifikishi hata siku mbili. Chipu ya ESP32 ikilala usingizi mzito hutumia kama maikroampea 10, lakini taa nyekundu ya bodi na kidhibiti volti chake hawalali nayo.

Kwa tuta lililo karibu na soketi, mimi ningempa anayeanza Uno R3 na kihisi cha unyevu cha kapasita, ambacho chuma chake kimefunikwa kisiguse udongo. Kile chenye vyuma viwili vilivyo wazi huliwa na kutu upesi, kwa sababu umeme unapita kwenye maji ya udongo. Kabla ya kukichomeka ardhini, kishike hewani uandike namba inayosomeka, kisha kitumbukize kwenye glasi ya maji hadi kwenye mstari wake uandike ya pili. Usishangae ya majini ikiwa ndogo, ndivyo kinavyosoma. Namba za mchicha wako zitacheza kati ya hizo mbili.